Jina ulilonipa Masako

Papa wangu,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia, na leo naandika kwa sababu ya kompyuta. Najua ungecheka.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiingia msitu wa Masako kukagua mitego ya panya kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo kikuu? Wewe mbele na panga, mimi nyuma na daftari. Hukuogopa nyoka wala radi. Ulichoogopa ni mende, na mama alikutania kwa hilo mpaka mwisho. Lakini kila safari, kabla hatujaingia, ulisimama ukanipa jina jipya. "Humu ndani hakuna kuita mutu jina yake," ulisema. "Tukitoka, tunaiacha humu." Na kweli, tukifika barabarani hukulitaja tena.

Safari yetu ya mwisho nilikosea: jina nilitoka nalo. Wezi walikuwa wamepita mtaani kwetu Mangobo, nikaifunga kompyuta kwa nenosiri, na nenosiri likawa jina la msituni la siku ile. Nilijiona mjanja, kwani tulilijua wawili tu. Wiki ile ile ukaugua. Baada ya matanga nikakaa mbele ya mashine, na jina halikuja. Nilijaribu yote niliyoyakumbuka, yakakataa. Nikampelekea fundi, akatikisa kichwa: "Bon, machine iko nzima, dada. Lakini bila code, ni kuformater tu, na vyote vinapotea." Humo mlikuwa na kazi yangu ya miaka miwili, na sauti yako pia, maana kwenye kila mtego nilikurekodi ukitaja mnyama tuliyemkuta. Panya ningewanasa wengine. Sauti yako ningeitoa wapi?

Jumanne iliyopita nilirudi Masako na Chantal, mwenzangu wa chuo, kutega mitego upya. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, ndege kimya. Karibu na kijito mtu akaita jina. Aliita mara moja tu, kutoka upande usio na njia. Nililitambua papo hapo: ndilo lile nililolisahau. Chantal akageuka. "Kuko mutu anaita. Nani iko na ile jina?" Nikamshika mkono, nikamwambia atembee, asilirudie. Hatukukimbia, lakini sikumbuki tulifikaje barabarani.

Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, niliandika lile jina. Ikafunguka.

Papa, nililia kama mtoto. Rekodi ya mwisho ni wewe unakohoa, unasema, "Inatosha leo. Turudi nyumba, mama yako atatugombeza." Niliisikiliza mpaka mama akaniomba nizime. Nenosiri nimeshalibadilisha, na nakala za kila kitu anazo Chantal. Lile jina sitaliandika, hata hapa.

Nakupenda, na sasa nakuogopa kidogo, tusifichane. Sauti ile ilikuwa kama yako kabla ya kuugua. Kama ni wewe, asante. Umenirudishia kila kitu. Kama si wewe, basi siku uliponipa lile jina hatukuwa wawili tu.

Keshokutwa narudi kukagua mitego. Nikiitwa tena, papa, sitaitika, hata nikijua ni wewe.

Pumzika huko uliko.

Binti yako