Mgeni Aliyekalia Skonzi

Mikdad, upo? Mgeni amekalia skonzi zangu. Amezikalia, Mikdad!

Si nilikwambia leo watu wa Zinga wanaleta jibu la posa ya Ziyad wangu? Nikataka waone baba mtu anavyojua kuoka. Unga nimeukanda mwenyewe, madonge nikayapanga kwenye sinia, nikaliweka kitandani na kulifunika blanketi ili yaumuke.

Bi Mwaija, mama wa binti, akaomba pa kuswali. Mke wangu akampeleka chumbani. Alipomaliza akaketi kitandani apumzike. Na yule mama unamjua alivyojaaliwa!

Tukasikia, "Yarabi! Kitanda kinanimeza!"

Akatoka na sinia mkononi, skonzi zimekuwa chapati.

"Niwie radhi, Bi Mwaija, ni skonzi."

"Skonzi? Kitandani?"

Kitandani, Mikdad! Nikamweleza kisomi kabisa kwamba hamira inataka joto. Ziyad kainamisha kichwa, anaiona posa inaondoka.

Bi Mwaija akaketi, safari hii akikagua kiti kwanza.

"Mkwe," akaniambia, "binti tumewapa. Hajui kupika hata chai, nilikuwa naona haya kuwaambia. Sasa haya imeniisha."