Kabla Hawajashuka

Mama mpendwa,

Pole na kidonda cha mguu. Nimefika salama kwa dada Nekesa huku mtaa wa Pipeline, na jana mwenye ploti, yaani jengo tunalopanga, alitufungia maji. Hakuna aliyethubutu kumwendea peke yake. Kila mpangaji aligonga mtungi wake mtupu mlangoni, akasikiliza ni wangapi wanamjibu. Milio ilipojaa ngazi yote, tulishuka pamoja hadi kwake, na maji yakafunguliwa.

Bakteria ninaowasoma chuoni ndivyo walivyo: hutumiana ishara, hungoja wawe wengi, ndipo hushambulia. Wapo wanaoozesha kabichi shambani na kidonda cha mtu vilevile. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba kidonda hakiumi. Humo ndani bado wanagonga mitungi. Nataka nikuone ukicheza kwenye harusi ya Nekesa. Nenda zahanati kesho, kabla hawajashuka.

Mwanao akupendaye,
Wanjala