Kitenge cha Kijani Kwenye Picha

Makole, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama umeniitikia, maana hata simu zangu siku hizi hupokei. Mgongo unasemaje? Shamba mmeshaanza kuliandaa, au mnasubiri mawingu? Mimi mzima wa mwili, ila Dodoma ni upepo na vumbi, na chumbani kwangu kimya kimenizidi. Majirani wengi ni wafanyakazi wa Bunge. Likiahirishwa tu, nyumba nzima nabaki na jogoo wa mwenye nyumba.

Shangazi Restuta kaniambia yote. Kwamba kaka Plasidi alikuonyesha picha kwenye simu yake: mimi na kinasa sauti, katikati ya mkutano wa kampeni, nimevaa kijani, rangi ya chama chenye mkutano. Nawe ukasema, "Kumbe mwanangu kanunuliwa! Ndiyo maana habari zake zinaegemea upande mmoja." Tangu hapo, ikifika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, unazima redio.

Jamani, Baba! Msimu huu sisi watangazaji tunaogopa rangi za vyama kuliko nyoka. Navaa kahawia na kijivu tu, nafanana na gunia. Lakini ile ilikuwa Jumapili, natoka kanisani, mhariri akanipigia: mwenzako anaumwa, kimbia mkutanoni Kizota. Nikakimbia nilivyo.

Kesho yake nikaenda mkutano wa wapinzani wao. Fundi seremala mmoja akanipokea, "Dada, leo sare umeiacha nyumbani?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kumbe moyoni nalia. Habari za mikutano yote miwili nilizisoma kwa urefu uleule. Bado wale wakapiga simu studio kwamba nawapendelea hawa, na hawa wakapiga kwamba nawapendelea wale. Wenzangu ofisini wananikwepa. Kwa mama lishe nakula peke yangu. Hayo nayamudu. La kwako ndilo limenishinda.

Hebu itazame tena ile picha. Achana na umati, angalia nguo. Ni kitenge cha kijani, ndiyo, na pindoni kina vifaranga vyeupe. Hukukumbuka? Ulininunulia mwenyewe mnadani nilipokuwa naondoka, ukabishana na muuzaji mpaka akakuongezea kilemba. Ukaniambia, "Ukishikwa na baridi ugenini, jifunike hiki, ujue nipo." Nje sikivai tena. Ila kulala, najifunika hichohicho.

Nisalimie shangazi, mjumbe wangu mwaminifu, na mama mdogo anayenilindia kuku wangu. Plasidi mwambie simu yake nzuri, anunue na miwani.

Sikulazimishi kuamini ninayosoma, Baba. Yabishie, yatukane, kama zamani. Ila usizime kabla sijamaliza. Mwisho kabisa huwa najitaja, na jina la pili ninalotaja ni lako.

Ni mimi binti yako,
Oliva Gaudensi