Miti kwenye Shamba la Kuazima

Baleni, Mafia

Kwa mwanangu Biubwa,

Asalaam aleikum. Shikamoo uliyompa Hemedi imenifika, marahaba mwanangu. Kifua chako kinaendeleaje? Huko Morogoro kuna baridi, vaa sweta, usione haya. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, mguu umepungua kuvimba. Bibi yako Nunu anakusalimu, anauliza mnakula nini huko. Dada yako Faraja anakusalimu, na mwanawe ameota meno, anang'ata kila kitu.

Ningepiga simu, lakini hili si la kusema huku jirani katega sikio ukutani. Mwandiko wangu unaujua, usicheke.

Mwanangu, ile miti imetuletea balaa. Ile misandarusi na mibambakofi mliyopanda na wenzako wa mradi pembeni ya msitu, ili msitu urudi kama alivyoukuta bibi yako, nimeimwagilia kiangazi chote kama ulivyoniagiza. Imenifika magotini. Nikawa nafurahi tu, nisikumbuke, wala wewe usikumbuke, kwamba kile kipande ni cha Bwana Ghalib, tumeazimwa tu tangu enzi za mzee wake. Shamba la kuazima mtu hupanda muhogo, akang'oa, akaondoka. Mti hapandi. Ukipanda mti umeshasema ardhi ni yangu.

Basi Alhamisi Bwana Ghalib akaja na mwanawe Sabri, panga mkononi. Hata maji alikataa. Akamwambia baba yako kuwa marehemu mzee wake alitupa ardhi tulime tule, hakusema turithi, na kwamba binti yetu kaenda kusomea ujanja. Baba yako akajibu hii ni miti ya msituni, haizai nazi wala embe, nani atadai ardhi kwa mbambakofi? Sabri akacheka, akasema kama haina faida basi haina haja ya kubaki. Akashika mmoja akaung'oa mbele ya macho yangu, akauliza kama hicho kijiti ndicho unachotaka kulipiwa mshahara. Faraja akamwambia hana adabu, mtu mzima anapigana na miche. Yakawa makelele, watu wakajaa.

Nami kichwani nina maneno yako tu, kwamba wakubwa wako wa mradi wakija kukagua wasiikute miti, kazi hupati.

Sasa nikwambie nililofanya. Nilisimama kati ya Sabri na miche, nikamwambia Bwana Ghalib mbele ya watu wote kuwa miti ni yake. Tumempandia yeye, sisi hatuna chetu humo, wala wewe huna. Baba yako akanitazama kama nimepandwa na shetani. Bwana Ghalib akaniuliza kama nasema kweli. Nikaapa, wallahi. Akamwambia mwanawe ashushe panga.

Tangu hapo haing'olewi. Jana kaleta miiba mwenyewe, kaizungushia mbuzi wasile. Lakini leo kaniuliza mbao zake zitakuwa tayari lini, nikaona haya kumwambia kuwa hata wajukuu zake watangoja.

Biubwa, nimegawa kitu cha mradi, nami nimekiapia. Wakubwa wako wakija, atawaambia miti ni yake, na baba yako na mimi hatuwezi kumkana. Sijui nimeiokoa kazi yako au nimeizika.

Wasalimie wenzako unaolala nao. Hemedi anayekuletea barua hii hakai huko, anachukua mchele tu anarudi. Usimwache aondoke mikono mitupu, niandikie hata mstari mmoja, upesi, mwanangu.

Mimi mama yako,
Zuena