Chungu cha Ijumaa

Mdogo wangu Milunka,

Huku kijijini hatujambo, theluji imeyeyuka na paka kazaa. Ijumaa ya mfungo wa Kwaresima, mkamwana wangu Tijana alioka maharage bila kipande cha nyama, vitunguu tupu na pilipili kavu. Wajukuu walifuta sahani kwa mkate. "Bibi, ya kwako huwa makavu," wakaniambia. Nikaonja. Ilikuwa ladha ya mama yetu kabisa.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza Tijana.

"Mama mdogo Milunka, kwa simu. Vitunguu viwe vingi kama maharage yenyewe."

Tangu tumzike mama nakuuliza, nawe unasema umesahau. Kumbe hukusahau, ulikuwa unachagua wa kumwambia.

Ni mimi dada yako, niliyekikomba chungu walipotoka,

Radojka