Nyaya Zote Zije Sebuleni

Nyumbani,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepata nafuu? Mimi mzima, ila goti linanisumbua ngazini, nami nalisumbua kwa kuendelea kupanda.

Unajua wanangu walivyokuwa hawaji. Kila likizo wimbo ni uleule: "Mama, kazi zetu ziko mtandaoni, na kwako hakuna intaneti." Basi nikajifunga kibwebwe, nikaomba kuunganishiwa kebo.

Fundi akanieleza kwamba waya unaoingia ndani ni mmoja tu, ila kisanduku chake, anakiita ruta, kinaugawa kwa kompyuta zote. Akataka kukiweka sebuleni. "Wakae hapa mezani, Mama, maana kuta zako nene, mawimbi hayatafika vyumbani." Nikakataa. Wanangu watu wazima, wanataka utulivu. Avute waya hadi kila chumba, kila mtu na tundu lake ukutani. Kutwa nzima alitoboa kuta, vumbi likaingia hadi kwenye sukari. Ruta ikakaa stoo, huko juu, na sebule ikabaki kama ilivyokuwa.

Wakaja wote watatu na kompyuta zao. Furaha niliyokuwa nayo, we acha tu! Kifungua mimba akaingia chumbani mwake, wa kati mwake, na kitinda mimba naye akafunga mlango. Nikageuka mhudumu wa hoteli: nabisha hodi na chai, narudi kuchukua kikombe. Siku moja kitinda mimba akanitumia ujumbe wa simu kuuliza kama chakula kimeiva. Yuko chumba cha pili! Nilicheka, halafu nikakaa kwenye kochi nikalia. Hata nilipokuwa peke yangu nyumba nzima sikuwahi kulia vile.

Wameondoka Jumatano. Wote wameusifu mtandao.

Jana nimemwita fundi tena, nikamwambia nyaya zote za vyumbani azing'oe, zije kwenye meza ya sebuleni.

"Mama, si watabanana?"

"Wabanane."

Nimewaarifu wanangu. Wawili wamesema wataangalia ratiba zao. Kitinda mimba hajajibu mpaka sasa. Wakija, watakuwa wamenifuata mimi. Wasipokuja, basi walifuata waya wa chumbani. Naogopa kujua, mdogo wangu.

Wewe ukipata nafasi njoo, hata kwa wiki moja. Kompyuta iache hukohuko. Nimechoka kujibizana na redio.

Nisalimie shemeji, wanao, na mama mkwe wako yule mcheshi. Mungu awafunike kwa rehema zake, akulegezee kazi upate ruhusa mapema.

Kitanda chako nimekitandika chumbani kwangu. Sitaki tutenganishwe na ukuta.

Akupendaye na kukungoja,
Dada yako.