Kanga Kuukuu ya Mama

Ijumaa, juma la tatu la Kwaresima

Tangu Jumatano ya Majivu nimeacha sukari kwenye chai, nikajiona nimeshajinyima vya kutosha. Kumbe.

Asubuhi jirani yangu, Bi Zuhura, alikuja kuomba kanga kuukuu, bintiye kajifungua. Nikampa doti mpya kabisa, nikasubiri kushukuriwa.

"Ahsante mwanangu, ila hii ngumu. Kichanga ataka iliyolainika."

Kuukuu ninayo moja tu, ya marehemu mama. Naiweka chini ya mto, mwaka wa pili sijaifua, nisipoteze harufu yake. Nikamwambia sina. Uongo, tena Kwaresima!

Chai ile isiyo na sukari ikanisuta. Mchana nikaifua kanga, nikalia kidogo, nikaianika. Jioni nikaipeleka.

Bi Zuhura akaishika, akaigeuzageuza. "Si ya mama yako hii?"

"Ni yake. Mfunikeni mtoto."

Hazikupita dakika mbili, mtoto akaikojolea. Tukacheka mpaka machozi.

Sasa chini ya mto hamna kitu. Ee Mungu, naogopa kidogo kulala hivi. Lakini mama angekuwepo pale, angeanza kucheka yeye.